Kondomu ya kike FC2: inavyovaliwa, inavyokosewa na raha iliyomo

Ukiitoa FC2 kwenye pakiti na kuiweka mezani, haivutii hata kidogo. Ni mfuko mwembamba unaopitisha mwanga, umelowa kilainishi, una urefu wa takriban sentimita 17 na pete mbili: moja imeshikamana na mdomo wake, nyingine inacheza huru ndani, kule kwenye ncha iliyozibwa. Aliyezoea kondomu ya kiume, inayokuja imeviringishwa kuwa kiduara kidogo, huuliza papo hapo: hili lote linaingia wapi? Tunadhani swali hilo limeikosesha bidhaa hii watumiaji wengi kuliko kasoro zake za kweli, ambazo zipo na tutazitaja.

Jibu lenyewe ni fupi. Kondomu ya kiume ikikunjuliwa yote haipungui urefu huo, ila hakuna anayeiona ikiwa hivyo kwa sababu huvishwa ikiwa imekunjwa. Upana wa FC2 nao haukukusudiwa kubana kitu. Mfuko hutandaa juu ya kuta za uke na kukaa hapo, uume ukaingia na kutoka ndani yake ukiwa huru. Kondomu ya kiume hushikilia uume. Hii hushikilia uke. Ukilielewa hilo, karibu kila kitu kingine kuhusu kuivaa kinakuwa na maana.

Maoni yetu kwa ufupi, kabla ya undani: ni bidhaa nzuri iliyofungwa pamoja na maelezo mabovu. Kile kikaratasi chenye michoro midogo kinaonyesha mikono inafanya nini bila kueleza kwa nini, na anayefuata michoro kwa kubahatisha huishia kuilaumu kondomu.

Tuanze na malighafi. Kondomu ya kike ya kwanza kuenea duniani, ambayo leo huitwa FC1, ilitokana na ubunifu wa daktari wa Denmark, Lasse Hessel, na iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Ilikuwa ya poliyurethini, karatasi laini ya plastiki iliyounganishwa kwa mshono wa joto. Ilizuia vizuri, lakini ilikuwa ghali kutengeneza na ilitoa sauti ya kuchakarisha kama mfuko wa plastiki unaokunjwa, kiasi kwamba watu waliizungumzia kelele kuliko kinga. FC2, iliyoidhinishwa huko mwaka 2009, imetengenezwa kwa nitrili, ile ile jamii ya mpira wa kutengenezwa viwandani inayotumika kwenye glavu za hospitali. Haina mshono kwa sababu umbo huchovywa moja kwa moja kwenye nitrili ya majimaji. Kelele imepungua sana. Haijaisha: kukiwa na ukavu utaisikia, na dawa yake ni kilainishi zaidi.

Nitrili inabadilisha mambo kadhaa ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua. La kwanza, si mpira unaotokana na utomvu wa mti, kwa hiyo mwenye mzio wa mpira huo, anayewashwa, kuvimba au kupata vipele kila akitumia kondomu za kawaida, anaweza kuitumia. La pili, haidhuriwi na mafuta. Kondomu ya mpira ikiguswa na mafuta ya kupaka, vaselini au mafuta ya kupikia hudhoofika ndani ya dakika chache tu, na hupasuka bila onyo. FC2 haina tatizo hilo. Hata hivyo, kinachovumiliwa na kondomu si lazima kiufae uke. Vaselini hukaa ndani muda mrefu na inaweza kuvuruga bakteria wazuri wanaoulinda, kwa hiyo tusingeifanya mazoea. La tatu, joto na unyevu wa hewa haviichakazi haraka kama vinavyochakaza mpira. Na la nne, ambalo ni la raha: inapitisha joto la mwili vizuri, na baada ya muda mfupi ndani ya uke inakuwa na joto sawa na la mwili wenyewe.

Kilainishi kinachokuja nayo ni cha silikoni. Hakina dawa ya kuua mbegu za kiume, na hilo tunalipongeza. Nonoksinoli-9, dawa iliyozoeleka kwa kazi hiyo, huchubua utando wa uke na wa njia ya haja kubwa inapotumika mara kwa mara, na utando uliochubuka ni mlango kwa VVU.

Kuivaa

Hapa ndipo FC2 inapopata au kupoteza mtumiaji. Ushauri wetu wa kwanza ni kuivaa ukiwa peke yako, mchana, bila haraka na bila mtu anayesubiri kitandani. Vaa, tembea chumbani, keti, toa. Mikono ikishajifunza, kazi yote ni ya muda mfupi. Kuijifunza kwa mara ya kwanza mwenzi akiwa amekwisha kupata ashiki ni kujitafutia kero.

Nawa mikono. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti ikiwa bado imefungwa, isugue kwa viganja ili kilainishi kisambae pande zote, kisha ichane kwa mkono kuanzia kwenye mshale. Meno, mkasi na wembe viache mbali: nitrili inavumilia sana kuvutwa, lakini ikipata hata mkato mdogo, mchaniko hukimbia. Kucha ndefu na pete za vidoleni zenye ncha ni hatari kwa sababu hiyo hiyo.

Chagua mkao. Kuchuchumaa, kuweka mguu mmoja juu ya kiti, kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa na kutanuliwa, au kukaa ukingoni mwa kiti, vyote vinafaa. Kwa anayeanza tunapendelea kuchuchumaa, kwa sababu mkao huo hufupisha njia na mlango wa kizazi hushuka karibu na kidole.

Sasa ile pete ya ndani. Ishike kupitia nje ya mfuko, kidole gumba upande mmoja na kidole cha kati upande wa pili, kidole cha shahada kikikaa katikati kuizuia isigeuke. Ibane mpaka pande zake zikutane na iwe nyembamba kama tarakimu ya nane. Hapa ndipo wengi huchomokwa: kilainishi kinateleza, pete inaruka, mfuko unaangukia sakafuni. Pangusa vidole kwa karatasi laini kabla ya kubana, wala usijaribu kupunguza kilainishi kwenye kondomu yenyewe. Kondomu ikianguka sakafuni imekwisha, fungua nyingine.

Kwa mkono wa pili tenganisha mashavu ya uke, kisha ingiza pete iliyobanwa. Kosa la kawaida ni kuielekeza juu kuelekea kitovuni. Njia ya uke imelalia nyuma, kwa hiyo elekeza kiunoni. Pete ikishapita mlango wa uke itajifungua yenyewe kidogo, na watu wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Hawajamaliza. Ingiza kidole cha shahada ndani ya mfuko na usukume pete juu hadi ipite mfupa wa kinena. Mfupa huo unausikia kwa kidole upande wa mbele, mgumu, kiasi cha pingili moja na nusu au mbili kutoka mlangoni. Pete inapaswa kukaa nyuma yake, ikiuzunguka mlango wa kizazi, ambao kidoleni ni mgumu na mviringo kama ncha ya pua.

Je, inaweza kuendelea kupanda na kupotelea tumboni? Hapana. Uke umezibwa kule juu na mlango wa kizazi, na tundu lake ni dogo mno kwa pete kupita. Hofu hii tumeiona ikiwazuia hata watu wenye elimu nzuri ya mambo mengine, pengine kwa sababu michoro mingi shuleni huonyesha uke na kizazi kama bomba moja lililo wazi.

Kabla ya kutoa kidole, kizungushe ndani ya mfuko. Kikizunguka kwa urahisi, mfuko umenyooka. Ukihisi umebana au kuna mkunjo unaozuia, umesokotwa. Utoe na uanze upya, kwa sababu mfuko uliosokotwa utaufanya uume usiingie hadi mwisho na utavutwa. Nje itabaki pete kubwa pamoja na kiasi cha sentimita 2.5 za mfuko, zikiwa juu ya mashavu ya uke. Mabaki hayo ya nje si dalili kwamba umeivaa vibaya. Uke hupanuka na kurefuka ashiki inapopanda, na sehemu ile ya ziada hupungua yenyewe.

Kipimo cha mwisho ni rahisi: simama utembee. Ikikaa mahali pake hutaihisi pete ya ndani kabisa. Ukiihisi kama kitu kinachochoma au kusukuma, iko chini mno, mbele ya mfupa badala ya nyuma yake. Irudishie juu kwa kidole.

Unaweza kuivaa hadi saa 8 kabla ya tendo, na haja ndogo haiiathiri kwa kuwa mkojo una tundu lake. Sogeza tu pete ya nje pembeni. Kwetu huu ndio ubora wake mkubwa. Hakuna kusimamisha mambo katikati, hakuna kutafuta pakiti gizani, wala hakuna kumwomba mtu avae kitu ambacho alikwisha kukikataa jana. Anayejua kwamba jioni yake inaweza kuishia kitandani hujiandaa mwenyewe.

Wakati wa tendo

Uume uongozwe kwa mkono. Hili si pambo. Ni sehemu ya matumizi. Mwenye kuvaa, au mwenzi wake, ashike pete ya nje ibaki mahali pake na aelekeze uume katikati ya pete. Bila mkono, uume huweza kupita pembeni, kati ya mfuko na ukuta wa uke, na hapo kondomu ipo lakini haifanyi kazi yoyote. Dalili zake: pete ya nje inaegemea upande mmoja, na mmoja wenu au nyote mnahisi ngozi kwa ngozi. Simama, toa, anza tena kwa mkono. Kosa hili hutokea zaidi pale uume unapotolewa wote na kurudishwa kwa kasi, kwa hiyo katika siku za mwanzo chagueni mwendo ambao uume hautoki kabisa.

Kosa la pili ni pete ya nje kusukumwa ndani. Chanzo chake karibu kila mara ni ukavu ndani ya mfuko: nitrili inaushika uume, uume unaiburuta. Dalili ya mapema ni mfuko kwenda na kurudi pamoja na uume badala ya kutulia. Ukiiona, ongeza kilainishi ndani ya mfuko, kiasi cha kijiko cha chai, au kipake moja kwa moja kwenye uume. Kilainishi kikiwekwa nje ya mfuko, kati yake na uke, kinaongeza uwezekano wa kondomu nzima kuteleza na kutoka, kwa hiyo mahali pa kukiweka pana maana kuliko wingi wake. Pete ikishaingia ndani yote, achaneni kwanza, toeni, na mvae nyingine.

Kupasuka ni nadra. Inapotokea, kwa kawaida kuna kucha, kito au mkato wa wakati wa kufungua.

Kosa ambalo hufanywa kwa nia njema ni kuvaa zote mbili, ya kike na ya kiume, kwa imani kwamba mbili zinazuia kuliko moja. Nitrili na mpira vikisuguana, moja huivuta nyingine, na mnaishia na kondomu ya kiume iliyovuliwa ndani ya ile ya kike, au pete ya nje iliyozama. Moja tu, ikivaliwa sawasawa.

Baada ya mshindo hakuna haraka ile ya kondomu ya kiume, ambapo uume lazima utoke ungali umesimama la sivyo mpira unabaki ndani. Hapa mnaweza kutulia mmelala kidogo. La muhimu ni kuitoa kabla ya kusimama: banisha pete ya nje na uizungushe mara moja au mbili ili mdomo ujifunge na shahawa zibaki ndani, kisha vuta polepole. Ifunge kwenye karatasi na uitupe kwenye pipa la taka. Chooni itaziba bomba. Usiioshe kuitumia tena. Kila tendo linataka mpya.

Na raha je?

Vipeperushi vingi vya afya huishia kwenye kinga, kana kwamba watu hukutana kitandani kuzuia magonjwa. Mapitio ya kondomu yasiyozungumzia raha hayamsaidii mnunuzi, kwa sababu kondomu isiyopendeza hubaki kwenye droo.

Kwa mwenye uume, tofauti kubwa ni kutobanwa. Wanaume wengi wanaolalamikia kondomu za kawaida hulalamikia mbano wa shingo ya kondomu kwenye shina la uume, au wanapoteza msimamo wakati wa kuivaa. FC2 haina mambo hayo. Uume hauhitaji kuwa umesimama kikamilifu ili uingie, jambo ambalo ni nafuu kwa wenye umri mkubwa, kwa wenye kisukari, na kwa yeyote ambaye wasiwasi humvuruga. Baadhi hupenda ncha ya uume inapoigusa pete ya ndani. Wengine huiona inauma. Ikiuma, mara nyingi pete imekaa upande au chini. Irekebishwe kwanza kabla ya kukata tamaa. Kuiondoa kabisa kwa tendo la ukeni haifai, kwa kuwa ndiyo inayoshikilia mfuko mahali pake.

Kwa mwenye uke, pete ya nje hulala juu ya mashavu na hugusa kinembe kila mwili unaposogea. Kwa wengine mguso huo ni wa kupendeza kweli, na wapo wanaoisogeza kwa makusudi ikae pale wanapotaka. Kwa wengine inawasumbua, hasa kabla hawajapata ashiki ya kutosha. Hapa tunaweza kusema jambo lisilohusu FC2 peke yake: wanawake wengi hawafiki kileleni kwa kuingiliwa tu bila kinembe kuguswa, kwa hiyo mkono, mdomo au pete hiyo havipaswi kuchukuliwa kuwa nyongeza ya hiari baada ya kazi kuu. Muda wa kubembelezana hulainisha uke, na uke uliolainika hupunguza yale makosa mawili tuliyoyaeleza. Raha na usalama hapa vinakwenda pamoja kabisa, kwa sababu za kimaumbile.

Kuivaa kunaweza kuwa sehemu ya mchezo. Mwenzi anaweza kuingiza pete, kukagua kwa kidole kama mfuko umenyooka, na kuongeza kilainishi. Kinachotakiwa ni maneno machache yaliyo wazi: “Nimevaa, nishikie pete hii nje,” au “Subiri, imepita pembeni.” Wazo la kuivaa kwa siri mwenzi asijue halina uhalisia, kwani pete ya nje inaonekana na kuguswa. Anayehitaji kinga ya siri kwa sababu mwenzi wake hamruhusu kujikinga anahitaji msaada mkubwa kuliko kondomu, na njia zisizoonekana za kuzuia mimba, kama sindano au kipandikizi, ingawa hizo hazizuii magonjwa.

Namba, bila kuzipamba

Kati ya wanawake 100 wanaoitegemea kondomu ya kike peke yake kwa mwaka mzima, takriban 21 hupata mimba katika matumizi ya kawaida, yaani pamoja na makosa na siku za kusahau. Ikitumika bila kosa kila mara, ni 5. Kondomu ya kiume inasimama kwenye 13 na 2. Kwa hiyo, ukiangalia mimba tu, ya kiume ina nafuu. Ila soma namba hizo kwa uangalifu: zilitokana na utafiti wa toleo la zamani, FC1, na FC2 iliidhinishwa baada ya kulinganishwa na toleo hilo kwa wingi wa kuteleza, kuchanika na kukosewa. Pengo kati ya 21 na 5 ndilo linalotuhusu. Hilo ni pengo la mazoea na mafunzo, na ndiyo maana tumetumia nafasi kubwa kueleza mfupa wa kinena. Anayetaka kuepuka mimba kwa uhakika zaidi aiambatanishe na kitanzi, kipandikizi, sindano au vidonge. Mwenye kitanzi awe makini wakati wa kutoa asije akavuta nyuzi zake.

Kwa magonjwa ya zinaa, nitrili isiyotoboka haipitishi VVU, kisonono, klamidia wala virusi vya homa ya ini aina ya B. Malengelenge ya sehemu za siri, kaswende na virusi vya HPV huambukiza pia kwa kugusana ngozi, kwa hiyo hakuna kondomu inayoziba njia zote. FC2 hufunika sehemu ya mashavu ya uke ambayo kondomu ya kiume huiacha wazi, na kwa mantiki hiyo inaweza kuongeza kinga kidogo, lakini hatuiuzi kwa hoja hiyo. Chanjo ya HPV ipo, na inafanya kazi hiyo vizuri kuliko mfuko wowote.

Ikikosewa na shahawa zikamwagika ndani, kuna saa za kuhesabu. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vyenye levonogestreli hufanya kazi vizuri zaidi mapema, ndani ya saa 72. Vya ulipristali na kitanzi cha shaba vina nafasi hadi siku 5. Dawa za kinga baada ya kuhatarishwa na VVU lazima zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Usijisafishe ndani ya uke kwa maji au sabuni: hakuondoi mbegu za kiume na kunachubua.

Ambao haitawafaa

Mtu anayeona shida kuingiza kidole chake mwenyewe ukeni ataichukia FC2, na hakuna haja ya kumlazimisha. Ashirikiane na mwenzi, au abaki na kondomu ya kiume. Anayepata maumivu makali kila kitu kinapojaribu kuingia, misuli ikajifunga yenyewe, amwone mtaalamu wa afya. Hali hiyo ina tiba na haitokani na uoga wa kitoto. Wakati wa hedhi inatumika bila shida, mradi tamponi itolewe kwanza. Wakati wa ujauzito pia inafaa.

Kwa ngono ya njia ya haja kubwa, maelezo ya mtengenezaji hayajumuishi matumizi hayo. Wapo wanaoitumia hivyo, wengine wakitoa pete ya ndani na kuivisha juu ya uume, lakini huko hakuna mfupa wa kuishikilia, na kuteleza kunakuwa jambo la kawaida. Kondomu ya kiume iliyo imara pamoja na kilainishi kingi ni chaguo bora.

Kilainishi cha ziada kikinunuliwa, soma viambato. Cha silikoni hudumu muda mrefu na kinaoana na kile kilichomo tayari. Cha maji husafishika kirahisi lakini hukauka. Tone la maji hukifufua. Vile vya maji vyenye gliserini au propaleni glaikoli nyingi huwa na vitu vingi mno vilivyoyeyushwa ndani yake, hivyo hunyonya maji kutoka kwenye seli za uke na kuuacha ukiwasha. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango cha vitu hivyo vilivyoyeyushwa (osmolaliti) kisizidi 1200 mOsm/kg, ikiwezekana kisizidi 380, na pH, yaani kipimo cha uasidi, ya karibu 4.5 kwa matumizi ya ukeni. Kampuni nyingi haziandiki namba hizo kwenye chupa. Zinazoandika zinastahili kununuliwa kwanza.

Bei ndiyo kasoro isiyo na dawa. FC2 moja hugharimu mara kadhaa ya kondomu ya kiume, na upatikanaji wake ni wa kuotea: zahanati moja inazo boksi zima, duka la dawa la karibu halijawahi kuiona. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliishusha daraja la hatari ili kondomu nyingine za aina hii zipite kwa urahisi, lakini ushindani bado ni mdogo. Aina ya Cupid, kwa mfano, ni ya mpira wa asili na hushikiliwa ndani kwa sponji badala ya pete ya pili. Wapo wanaoiona rahisi kuivaa. Mnunuzi akumbuke tu kwamba akihamia huko, mafuta ni marufuku tena, na mwenye mzio wa mpira hana nafasi.

Ukiamua kuijaribu, nunua tatu kwa mpigo: ya kwanza ya kujifunzia peke yako, ya pili ya tendo, ya tatu ya akiba iwapo ya pili itaanguka sakafuni au kuzama. Angalia kwamba tarehe haijapita, pakiti haijatoboka wala kunata kilainishi kwa nje, na kwamba jina lililoandikwa ni FC2 na malighafi ni nitrili. Pakiti inayonata kwa nje irudishe, hata kama muuzaji atakuapia kwamba ziko zote hivyo.